Wimbo wa Mababu Uliotoka Kwenye Gemu

Mjomba wangu aliporudi Kasulu kutoka Dar es Salaam na televisheni, jenereta na mashine ya gemu, alitangaza kwamba amekuja kutufumbua macho. Kumbe miaka yote ile tulikuwa tumefumba na hatukujua. Alikodi chumba karibu na soko, akapanga mabenchi, akaandika ukutani kwa rangi nyekundu kwamba hapa ni kituo cha teknolojia ya kisasa. Teknolojia yenyewe ilikuwa kisanduku cha plastiki chenye vishikio viwili vya vitufe. Kimoja kilifanya kazi vizuri. Cha pili kilifanya kazi pale tu waya wake ulipokunjwa kama mkia wa nguruwe na kushikwa hivyo na mtu mwingine aliyekaa pembeni.

Alinitoa Kitahana, kule Kibondo, nilikokuwa nalima na mama, nije kukaa mlangoni. "Utajifunza mambo ya kompyuta," alinihakikishia. Nilijifunza kutia petroli kwenye jenereta.

Muuzaji wa Dar alikuwa amemwambia kwamba kadi moja ile ya gemu ina magemu mengi kuliko siku za mwaka. Ni kweli orodha ilikuwa ndefu. Ila ukichagua jina lolote ulifika palepale: kwa Mjapani mmoja mwenye upanga, anatembea kuelekea kulia kati ya mianzi na miti yenye maua ya rangi ya waridi, anakata kila anayekutana naye. Maandishi yalikuwa ya kwao, kwa hiyo hakuna aliyejua ana ugomvi gani. Vijana wa Kasulu walikaa wakalijadili jambo hilo kwa kina wakakubaliana kwamba ni mgogoro wa mpaka wa shamba.

Muziki wake ndio uliotumaliza. Nyuzi zilikuwa zinadonolewa, filimbi inalia juu yake, halafu ngoma nzito inaingia, vyote vikitoka kwenye spika ya televisheni kwa sauti ya nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Kila hatua ya gemu ilikuwa na wimbo wake, nadhani. Sisi hatukuujua mwingine zaidi ya ule wa kwanza, maana mwisho wa hatua ya kwanza lilikaa jitu lenye kipepeo cha kujipepea mkononi na hakuna kijana wa wilaya ile aliyewahi kulishinda. Kwa hiyo wimbo ulikuwa mmoja, asubuhi hadi magharibi. Baada ya muda mama lishe wakawa wanakoroga ugali kwa mwendo wake. Mafundi cherehani wakawa wanakanyaga kwa mwendo wake. Jumapili moja mzee wa kanisa letu, mtu aliyekuwa amekemea banda la mjomba kwenye mahubiri, alisahau akawa anauvumisha puani wakati anasubiri sadaka irudi mbele.

Nilimsikia vizuri kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu, na besi yangu mapajani. Nilikuwa napiga gitaa la besi katika kwaya ya vijana. Kabla sijaruhusiwa, baraza la wazee lilikuwa limekaa kutafuta mstari wa Biblia unaomkataza mwanamke kupiga besi. Hawakuupata, wakasikitika, wakaniruhusu kwa sharti kwamba gauni lifike kwenye vifundo vya miguu. Lilifika. Besi haikuonyesha tofauti yoyote.

Siku moja ya gulio alikuja mlangoni mzee mmoja Mrundi kutoka kambi ya wakimbizi. Alikuwa na mikeka ya kuuza na kitu kirefu amekifunga kwenye kanga kuukuu. Alisimama, akainamisha kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Ni nani huyo anapiga inanga humo ndani?" akaniuliza.

"Hakuna mtu, mzee. Ni mashine."

"Mwana wanje, mwanangu, usinidanganye. Mimi nimepiga inanga mbele ya watu wakubwa. Huyo ni mtu, na amechoka. Mwambieni apumzike, anarudia palepale tangu nilipofika."

Nikamwingiza ndani aone mwenyewe. Akamwangalia yule Mjapani anavyokata watu, akaangalia nyuma ya televisheni, akarudi kukaa kwenye benchi amechukia. Kisha akafungua kanga. Ilikuwa inanga kweli, ubao mrefu uliochimbwa katikati kama sinia, na uzi wake mmoja umepitishwa kwenda na kurudi hadi ukawa nyuzi nyingi. Akailaza mapajani, akausaka ule wimbo kwa vidole, na kabla Mjapani hajafika kwenye daraja la mianzi alikuwa ameupata wote. Ulikaa kwenye zile nyuzi kana kwamba ndiko ulikozaliwa.

"Anaharakisha," akasema, akimnyooshea kidole yule mtu wa kwenye kioo. "Na hana adabu kwa uzi wa mwisho."

Mjomba alitaka kujua kama mzee amelipa kiingilio.

Aliyetukamilisha alikuwa Mkongo wa kambi ya Nyarugusu. Alikuwa mtu wa makamo, muuza sabuni, na alikuwa amevuka Ziwa Tanganyika bila viatu lakini na gitaa la umeme mgongoni. Watu walimcheka kwa hilo. Yeye aliwajibu kwamba viatu vinapatikana popote. Kule kwao padri mmoja mgeni alikuwa na kaseti za muziki wa roki, na huyu bwana alikuwa amezisikiliza hadi padri akahamishwa. Katika kwaya yetu walimkaribisha kwa upendo mkubwa na wakamkataza kupiga kitu chochote alichokijua.

Spika ya kanisa ilikuwa zawadi kutoka ng'ambo. Ilifika imepasuka utando wa ndani, na wazee waliipokea kwa maombi ya shukrani yaliyochukua muda mrefu kuliko uhai uliobaki ndani yake. Ukiichomeka gitaa ilikohoa na kunguruma. Fundi aliitwa aiangalie. Mkongo akasimama mbele yake kama mtu anayelinda mgonjwa.

"Musiitengeneze," akasema. Kisha akanigeukia. "Dada, hii bafle iko nakufa, lakini iko nakufa muzuri. Batu ya roki banatafutaka hii sauti na makuta, feza mingi. Siye tuko nayo bure."

Nikamwambia habari za mzee wa inanga. Alikuja bandani asubuhi ya gulio lililofuata, kabla wateja hawajafika, akiwa na gitaa, akamkuta mzee amekwisha kaa kwenye benchi na inanga. Mimi nilikuwa nimeomba spika ya kanisa kwa ajili ya mazoezi, na ilikuwa kweli, kwa kuwa hakuna aliyeuliza mazoezi ya nini. Tuliwasha gemu, tukamwacha Mjapani asimame bila kuguswa ili asife, na muziki wake ukaendelea. Mzee akaanza. Mimi nikaweka besi chini ya ngoma. Mkongo akasikiliza kwanza, akatikisa kichwa, akabonyeza nyuzi zote kwa mkono mmoja, akapiga.

Kuku waliokuwa uani kwa jirani walihama.

Mzee akaondoa mikono kwenye inanga. "Huyu anapiga gitaa au anabomoa nyumba?"

"Ni roki, babu," Mkongo akamjibu kwa heshima.

"Basi hiyo roki yako inikalie mbali kidogo."

Hapo ndipo tulipoanza kugombana, na mazoezi ya wiki nyingi yakawa ugomvi huo huo ukipangwa upya. Inanga ya kwao huimbwa kwa kunong'ona. Mpigaji hatoi sauti ya koo, ananong'ona maneno karibu na nyuzi mpaka usijue ni kipi kinachosema. Sasa mtu ananong'ona, pembeni yake spika iliyopasuka inanguruma. Mzee alisema apunguze. Mkongo alisema roki ikipunguzwa inakuwa kwaya. Mwishowe nikaleta kipaza sauti cha mkononi cha wainjilisti, kile wanachotembea nacho sokoni kuwaambia watu wa Kasulu watakwenda wapi wakifa, nikakifunga kwa kamba mbele ya mdomo wa mzee. Alinong'ona mara moja. Mnong'ono ukajaa chumba kizima, mkubwa, mkavu, kama mtu anayesema nawe ndani ya sikio lako. Mkongo akaacha kupiga. Akamwomba mzee arudie. Tangu siku hiyo alijifunza kungoja: inanga inafungua peke yake, mnong'ono unapita, halafu spika inafunguliwa, na tunakwenda wote pamoja na Mjapani hadi mtu wa kwanza anapolipa kiingilio.

Tukaukariri hivyo hadi tukaweza kuupiga bila mashine. Mjomba, aliyekuwa ametishia kutufukuza, akaanza kujiita meneja.

Kibondo wakapata ugeni. Mradi wa maji ulikuwa unazinduliwa, na wafadhili walikuwa wanakuja, na wafadhili hawawezi kuoneshwa bomba tu, lazima waoneshwe utamaduni pia. Afisa aliyehusika na mambo hayo alikuwa ameandaa kikundi cha ngoma. Kikundi kikaalikwa kwenye harusi Kakonko, ambako kulikuwa na nyama, kikaona hakuna sababu ya kuchanganya mambo. Afisa akabaki na wageni njiani na hana mababu wa kuwaonesha. Mjomba, aliyekuwa amekwenda kule kununua petroli, akamwambia anao.

"Ni ngoma ya asili?" afisa akauliza.

"Ina inanga," mjomba akasema, na kwa mara ya kwanza katika biashara zake alikuwa amesema kweli.

Wenzangu wawili wakimbizi hawakuruhusiwa kutoka nje ya kambi kwenda mbali bila kibali. Nilimjua mama mmoja aliyesubiri kibali cha kwenda kumzika dada yake mpaka arobaini ikapita. Kibali cha kwenda kuwachezea wafadhili kilipatikana kabla chai ya afisa haijapoa.

Tukapanda lori la mahindi na spika yetu, tukafika tumekuwa weupe kwa unga. Afisa alitupokea akatukagua. Akauliza gitaa la umeme linahusikaje na asili. Mkongo akamwambia limetengenezwa kwa mti. Afisa akafikiri, akaridhika. Kisha akatushonea utamaduni papo hapo: sisi wote watatu tuvae vitambaa vyeupe begani, mzee akae katikati, mimi niifunike besi kwa majani ya migomba.

Wageni walikaa chini ya turubai. Kati yao alikuwamo mwanamke mmoja Mjapani, mhandisi wa maji, mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa. Afisa akashika kipaza sauti.

"Wageni waheshimiwa," akasema, "sasa mtasikia wimbo wa kale kabisa wa Buha, nchi ya Waha, ulioimbwa na mababu zetu wakati wa kuvuna mtama. Haujawahi kubadilishwa hata kidogo."

Nilimwangalia Mkongo. Alikuwa anaangalia viatu vyake, alivyoazima.

Mzee akaanza. Inanga ikasema yale maneno yake ya kwanza, mnong'ono ukatoka kwenye kipaza sauti cha wainjilisti, na mgeni rasmi akafumba macho kwa hisia, akitikisa kichwa taratibu kama anayeona mtama wenyewe. Niliyekuwa namtazama ni yule mwanamke. Mwanzoni alikuwa ameinama anaandaa kamera. Akainua kichwa. Akaangalia kushoto na kulia, kama mtu aliyeitwa jina lake la nyumbani katika nchi ambayo hakuna anayelijua. Spika ikafunguliwa, roki ikaingia, jenereta la wilaya likayumba kidogo, watoto wa shule waliopangwa mistari wakaanza kuimba pamoja nasi kwa sababu baadhi yao walikuwa wametumia likizo yao yote kwa ndugu zao Kasulu, bandani kwa mjomba. Mwanamke akafunika mdomo kwa mikono miwili. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Afisa alidhani analia, akafurahi sana.

Tulipomaliza yule mwanamke alitaka turudie. Tukarudia. Mara ya pili alikuja mbele kabisa akakaa chini vumbini, na walinzi wakawa hawajui wamnyanyue au nao wakae.

Alikuwa amejifunza Kiswahili chuoni, kile Kiswahili safi ambacho kule kwetu hatukukisikia ila redioni. Baada ya hotuba alitufuata, na afisa akamfuata yeye.

"Tafadhali," akasema, "wimbo huu ni wa mababu zenu kweli?"

"Kabisa," afisa akajibu kabla yetu. "Umerithiwa kizazi hadi kizazi."

"Basi mababu zenu wanafanana sana na mdogo wangu wa kiume. Naye alikuwa akiupiga kila siku baada ya shule, hadi mama akaificha mashine yake ya gemu kabatini."

Afisa akaniangalia mimi, kana kwamba ndimi niliyevuna mtama. Nikaona hakuna pa kukimbilia, nikamweleza yule dada kila kitu, kuanzia kisanduku cha mjomba hadi spika iliyopasuka. Alicheka tena, lakini safari hii polepole. Akatueleza kwamba ile sauti ya nyuzi kwenye gemu ni mashine inaigiza ala ya kwao iitwayo koto, ndefu kama kitanda, na nyingine iitwayo shamisen. Bibi yake alikuwa na koto nyumbani. Yeye alipelekwa kujifunza akiwa mdogo, akawa anatoroka.

"Na sasa vijana wa kwetu wanafanya kama ninyi," akasema. "Wanachukua nyimbo za magemu, wanapiga kwa shamisen na gitaa la umeme. Wazee wanakasirika."

"Wanakasirika kuhusu nini?" mzee wetu akauliza.

"Wanasema gitaa lina kelele mno."

Mzee akamgeukia Mkongo, uso wake umejaa ushindi. "Umesikia? Hata huko."

Mwanamke akaomba kuigusa inanga. Mzee akampa kwa shingo upande. Akapiga magoti, akaiweka mbele yake chini, siyo mapajani, akadonoa kitu kifupi alichokikumbuka. Mkono wake ulikuwa mzito na ukakosea katikati. Akajaribu tena, akakosea palepale. Aliacha kucheka. Akabaki ameweka viganja juu ya nyuzi ili zinyamaze, na hakuna kati yetu aliyejua la kusema. Afisa alijua. Alisema huu ni ushahidi tosha kwamba Waha na Wajapani wana asili moja, na nasikia aliendelea kuusambaza utafiti wake huo kwenye vikao hadi alipostaafu.

Habari zilitutangulia Kasulu. Baraza la wazee la kanisa likakaa na kugundua kwamba spika ya Bwana imetumika kupiga muziki wa mtu anayekata watu kwa upanga. Nikasimamishwa kwaya kwa muda usiojulikana. Muda usiojulikana ukajulikana Pasaka ilipokaribia na hakuna mwingine aliyeweza kupiga besi. Wakanirudisha wakisema nimetubu. Sikubishana nao, maana walionekana wana hakika kuliko mimi.

Jenereta la mjomba nalo siku moja lilitoa umeme mwingi kuliko uliohitajika, na kituo cha teknolojia kikatoa moshi. Yule Mjapani wa upanga akafia hatua ya kwanza. Mjomba aliomboleza kwa kiasi, akahamia biashara ya misumari na mabati, ambayo haikuhitaji kumfumbua mtu macho.

Nilidhani kikundi chetu kimekwisha. Lakini mzee alinitumia salamu niende kambini na yule mbomoaji nyumba, ndivyo alivyomwita. Tukaenda, na spika ya kanisa na betri ya gari juu ya baiskeli. Tulimkuta kwenye kanisa la kambi, la miti na maturubai, amekaa kwenye benchi na inanga.

"Wimbo wa mashine nimeuchoka," akasema. "Nina wa kwangu."

Akaupiga peke yake kwanza. Ulikuwa unasema habari za kilima chake: mto ulio chini, nyumba ya nani inafuata ya nani, ng'ombe gani alikuwa na pembe ya namna gani. Hakukuwa na vita ndani yake wala kuondoka. Alitaja tu vitu kwa mpangilio, kwa mnong'ono, kama mtu anayehakikisha havijapungua. Alipomaliza akamwambia Mkongo, bila kumwangalia, "Sasa weka ile kelele yako. Chini yake. Isipande."

Mkongo alipiga kama sijawahi kumsikia akipiga. Gitaa lilinguruma taratibu chini ya mnong'ono, mbali, kama radi iliyo upande wa pili wa bonde. Nikaweka besi mahali palipobaki. Watu wakaanza kuingia. Hakuna afisa aliyetualika kuupiga wimbo ule, wakati ule wala baadaye, ingawa ndio pekee kati ya nyimbo zetu uliokuwa na mababu.

Mama mmoja aliyesimama mlangoni na kuni kichwani alisubiri tumalize. Akatua mzigo.

"Mzee," akasema kwa Kirundi chao, ambacho sisi Waha hatuhitaji mkalimani kukisikia, "huo mto unaoutaja, ni ule wenye daraja la magogo?"

"Ego. Ndio huo."

"Sisi tulikuwa ng'ambo yake. Ng'ombe wenu walikula maharage yetu."

"Oya, hapana. Hao walikuwa wa jirani yangu."

"Walikuwa wenu. Mmoja alikuwa na pembe iliyopinda, wewe mwenyewe umemwimba sasa hivi."

Mzee akasogea kwenye benchi, akampisha akae. Wakaanza kubishana tangu mwanzo, shamba kwa shamba, nani alipanda nini na nani hakufunga zizi. Mkongo akachomoa waya wa gitaa. Tukaifunga spika kwenye baiskeli, tukawaaga, na sidhani kama walitusikia.